Kamati ya Fisi

Jumatatu, 26 Mei 2025

Nimechaguliwa. Sikuomba, sikutaka, hata mkutanoni sikuwepo. Natoka kusahihisha insha za Gredi ya Sita, naingia ofisini, naambiwa mimi ndiye katibu wa kamati ya kukagua sinema. Kamati ya sinema! Choo cha wasichana hakina mlango tangu Machi, lakini kamati ya sinema tunayo.

Chanzo ni Idi iliyopita. Ayanle na vijana wenzake walileta projekta, wakawaonyesha watoto wa mtaa wetu wa Iftin sinema ukumbini, na hata nusu saa haijaisha akatokea mwanamke anaogelea na nguo za kuogelea. Wazazi walirusha ndara ukutani. Safari hii wazee wamesema hakionyeshwi kitu mpaka kipite kwetu kwanza. Na sisi ni nani? Mzee Kerrow, mwenyekiti, aliyefanya biashara ya ngamia miaka arobaini na anayeamini televisheni ni ya taarifa ya habari. Maalim Shuaib wa dugsi, anayewasomesha watoto wetu Kurani. Roda mwenye duka la nguo, mwakilishi wa akina mama — anachowakilisha ni simu yake. Na mimi, Mwalimu Nimo, kwa sababu najua Kiingereza.

Sinema inaitwa Ngozi ya Fisi. Mtu anavaa ngozi ya fisi anakwenda kuwavunja wezi miguu. Huyo ndiye shujaa. Ayanle akanihakikishia: "Mwalimu, hii ni movie ya superhero tu. Itawabamba watoto, wataipenda mbaya." Nikamwuliza kama ameiona. Ameona tangazo.

Uamuzi unatakiwa kabla ya Idi. Maonyesho ni Jumamosi tarehe saba.

Jumanne, 27 Mei

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu mama mkwe wangu, Ebla, hasomi kabisa, na wageni wake wanaosoma wanasoma Kiarabu. Kisomali chenyewe hakuna aliyetufundisha kukiandika shuleni. Mtu pekee nyumbani anayeweza kulisoma daftari hili ni binti yangu Kaaha, na yeye namfichia ndani ya rundo la madaftari ya Gredi ya Nne. Hakuna mtoto wa Gredi ya Sita anayegusa madaftari ya Gredi ya Nne kwa hiari yake.

Leo baba yake amemwandikia. Yaani mimi.

Simu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, laini ya pili, inakaa ndani ya boksi la chaki kwenye kabati langu la ofisini. Nimeandika: Habari ya shule mwanangu, kazi huku Ifo ni nyingi, kikohozi chako kimepona? Nikifika nyumbani namkuta na simu ya ayeeyo wake, yaani bibi yake Ebla, anasoma, anajibu. Jibu linaingia kwenye boksi la chaki. Kesho yake nalisoma wakati wa mapumziko, nikiwa na kipande cha mahamri mdomoni. Miezi minne sasa.

Awil, mume wangu, hayuko kambini Ifo. Shirika alilokuwa akiliendeshea gari lilipunguza watu Januari. Akasema anapita Buna siku nne kuangalia ngamia wa marehemu baba yake. Ndani ya siku nne hizo akaoa. Hakuniambia yeye, aliniambia mama yake, huku anachambua mchele. Kuoa ni haki yake, na dini sibishani nayo. Ila mtoto alikuwa anamsubiri mlangoni kila Alhamisi jioni — kila Alhamisi! — na mwanamume hajampigia hata mara moja. Anampigia mama yake tu. Wanaongea nje, karibu na tangi la maji, mtoto asisikie. Mimi nilimwambia Kaaha kwamba Ifo mtandao ni mbovu, simu haziendi, ujumbe tu ndio unafika. Wiki iliyofuata nikanunua laini.

Ni jambo la muda tu.

Alhamisi, 29 Mei

Kikao cha kwanza. Mada: jinsi ya kutazama. Saa nzima!

Maalim Shuaib hawezi kukaa chumba kimoja na muziki. Sinema za Wazungu hazina dakika moja bila ngoma na zeze. Ayanle akajaribu kumweleza kwamba muziki wenyewe ni wa kutisha tu, si wa kucheza. Maalim akamtazama kama mtu anayemletea nguruwe akisema ni mdogo.

Basi tumekubaliana: sauti itazimwa. Maandishi ya Kiingereza yatapita chini ya picha, mimi nitayasoma, nitawasimulia kwa Kisomali. Sinema ya saa mbili na dakika ishirini. Mzee Kerrow amefurahi, anasema sasa itakuwa hadithi ya kueleweka. Roda akauliza kama kuna harusi ndani. Kisha akanigeukia na ile sauti yake ya asali ya kuita dada, "Abaayo, Awil tutamwona Idi hii, au kazi bado zimembana?" Anajua. Iftin nzima inajua. Nguo aliyovaa bibi harusi wa Buna huenda ilitoka dukani kwake.

Nikamjibu kwamba kazi zimembana.

Jumamosi, 31 Mei

Baada ya Alasiri. Ofisi ya walimu, shuka madirishani, joto la kuoka mkate. Kerrow amekuja na kiti chake mwenyewe. Ayanle anashughulika na nyaya kama daktari wa upasuaji.

Sinema inaanza na mvua. Usiku, jiji, mvua. Mtu anatembea kwenye mvua. Anasimama kwenye mvua. Robo saa ya mvua! Nimewaambia: mtu huyu ana huzuni. Kerrow akasogeza kiti mbele, akauliza imenyesha siku ngapi. Nikasema inaonekana kila siku. Akauliza kwa nini wana huzuni na mvua yote hiyo. Katika alasiri nzima hilo ndilo swali la maana lililoulizwa.

Shujaa mchana ni fundi wa kufuli. Usiku anatoa ngozi sandukuni, anajifunika, anapanda mapaa. Nilipotamka neno fisi, kamati ikasimama. Kerrow anasema tangu utoto wake huko Buna hadi leo hajasikia fisi aliyemfanyia mtu wema. Fisi anamla mwanambuzi ambaye bado yuko nusu tumboni mwa mama yake. Fisi anakula ndama na mlinzi amelala hatua tano. Hawa watu hawana mnyama mwingine? Nikamwambia kwao fisi wanamwona kwenye picha tu. Akasema hata picha hawakuiangalia, fisi hatembei hivyo, miguu ya nyuma haiko hivyo, na hakuna fisi anayepanda paa. Maalim Shuaib akaongeza kwamba nyama yake ina mjadala kwa wanavyuoni. Ayanle akashika kichwa.

Wakati huo wote kwenye skrini watu wanavunjwa mifupa. Magoti, viwiko, mmoja taya. Hakuna aliyesema neno! Mtu ametupwa kutoka ghorofa ya tatu, Roda anatafuna ubani anaandika ujumbe. Akaja askari wa kike kichwa wazi, amechomekea shati — hapo ndipo Roda alipotoa macho kwenye simu akasema hiyo sehemu ipitishwe haraka. Nimeandika kwenye kumbukumbu: nywele, dakika ya thelathini na moja. Mifupa hakuna aliyeniambia niiandike.

Nilikuwa na uamuzi wangu tangu dakika ya kumi. Giza tupu, ukatili, na mtu mzima anayejisikitikia kwa kupigana. Mtoto wa miaka tisa atapata nini hapo? Atajifunza kwamba ukiwa na huzuni unaruhusiwa kuvunja watu. Hiyo ndiyo falsafa yote, na imetumia pesa nyingi.

Halafu ikaingia habari ya mtoto wa shujaa. Ana binti wa miaka minane. Mama wa binti alikufa chini ya ukuta ambao yeye fisi mwenyewe aliuangusha akifukuza wezi. Mtoto haambiwi. Anaambiwa mama amepata kazi kwenye meli, yuko mbali, huko hakuna simu. Na kila mwezi yule mwanamume anakaa mezani jikoni, anaandika barua kwa mwandiko wa mkewe, anaitia stempu, anaitumbukiza kwenye sanduku la mlango wake mwenyewe.

Upuuzi mtupu! Anapigana na watu saba wenye visu, anaogopa kitoto cha miaka minane. Mtunzi wa hadithi hii alipaswa kurudishwa Gredi ya Nne. Sehemu hiyo nimewasimulia harakaharaka. Maalim Shuaib akaniomba nirudie. Akauliza, mtoto anajibu barua? Nikasema anajibu. Zinakwenda wapi? Nikasema baba anazificha kwenye droo.

Hapo stima ikakatika. Sijawahi kuishukuru kampuni ya umeme kabla ya leo.

Tutamalizia Jumatatu, ni mapumziko ya sikukuu ya taifa. Ayanle amenipa nakala kwenye flashi niitazame nyumbani, nijiandae. Nimeitia mkobani. Sitaitazama. Sinema kama hii mtu anajua inavyoisha.

Jumapili, 1 Juni

Ebla amewaweka watoto wa jirani kivulini baada ya Adhuhuri, anawasimulia ile hadithi ya mwanamke anayewasikia watoto kutoka mbali, anawafuata, anawapika. Anaanza na mapaja. Mama mkwe anaigiza mpaka sauti ya chungu. Mdogo wao, wa miaka minne, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililelewa na hiyohiyo, Awil pia, Kerrow pia. Hakuna kamati iliyokaa.

Kaaha hakukaa nao. Anasema yeye ni mkubwa sasa. Asubuhi yote alikuwa na laptopu yangu, spika za masikioni, kazi ya Sayansi. Nilipompitia akaniuliza kama kuna meli zinazokwenda mwaka mzima bila kufika nchi kavu. Nikamwambia asome kitabu chake.

Ebla alinifuata jikoni. Akasema mwanawe atakuja baada ya Idi, pengine. Na akasema, bila kunitazama, kwamba msichana si mjinga. Nikamwambia amwambie hivyo mwanawe. Akachukua birika akatoka.

Jumatatu, 2 Juni

Naandika nikiwa bado nimevaa hijabu ya kutokea. Sijabadilisha nguo, sijala.

Tulianza saa kumi. Nusu ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza — mapigano darajani, mapigano kwenye maji, mapigano kwenye daraja lilelile. Kerrow tayari ameshamzoea fisi. Kila akipigwa ananong'ona kitu, nadhani anamwombea. Mzee mzima! Juzi alitaka apigwe mawe, leo anamwombea. Na Maalim Shuaib, ambaye nilidhani amesinzia, alikuwa anauliza jambo moja tu: na yule mtoto?

Kaaha alileta chai. Ebla ndiye aliyemtuma, chupa ya bluu na vikombe. Nilimwambia aweke mezani arudi nyumbani. Aliweka. Hakurudi. Alisimama pembeni ya kabati langu na mikono nyuma, na kwa kuwa giza lilikuwa zuri kwa picha hakuna aliyefungua mlango.

Mtoto kwenye skrini anaingia jikoni. Baba yuko chini, anavuja damu, ngozi iko sakafuni. Mtoto hashtuki. Anafungua droo ya barua mbele yake, anatoa zote, anaziweka mezani. Anazungumza. Maandishi yakapita chini, nikayasoma kwa macho.

Anasema: nilijua tangu barua ya kwanza. Mama aliniuliza habari ya jino langu, na jino lilikuwa limetoka asubuhi ileile, na wewe peke yako ndiye uliyeliona. Nilijibu kwa sababu ukipata jibu ulikuwa unakula chakula.

Basi. Hayo tu. Mwanamume akaanza kulia ndani ya damu yake, na kamera ikasogea karibu, polepole, kama inavyosogea kila wanapotaka tulie.

Maalim Shuaib akaniambia, "Mwalimu, anasema nini?"

Kikohozi. Mimi nilimwuliza Kaaha kwenye ujumbe kuhusu kikohozi, na alikohoa usiku mmoja tu, kwenye kitanda kinachogusana na changu. Hilo ndilo lililonijia, na Kaaha amesimama mita mbili kutoka hapo.

Nikasema anaomba kalamu amwandikie mama yake.

"Hajui?"

"Hajui."

Nikaendelea. Nikatunga! Mimi ninayewakata alama watoto kwa kutunga majibu ya ufahamu. Nikasema baba anamwahidi mama atarudi, mtoto anafurahi, barua zitaendelea. Picha ya mwisho mvua inakatika, mtoto yuko mezani na baba wanakula. Kerrow akasema, angalau mvua imekatika, ingawa sijui kama hilo ni jema.

Ayanle akawasha taa. Maalim Shuaib akajipapasa ndevu. Kisha akasema maneno haya, nayaandika yote kwa sababu lazima niyaandike pia kwenye kumbukumbu:

"Mimi nilikuwa nimeanza kuipenda. Fisi si kitu, damu wanaiona kila tukichinja. Lau yule mtoto angejua na akamsamehe baba yake, ningesema watoto wote wa Iftin waione. Lakini ameachwa na uongo mpaka mwisho, na aliyemdanganya anakula naye. Hiyo siwezi kuiweka mbele ya mtoto."

Kerrow akaunga mkono, kwa masikitiko. Roda akaunga mkono kwa sababu alikuwa anataka kuondoka. Ayanle akalalamika kwamba amesikia mwisho wake ni poa sana, mwalimu, una uhakika? Nikamwambia kama anakijua Kiingereza kuliko mimi aje achukue kalamu. Akanywea. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kufumba jicho.

Kaaha akakusanya vikombe, kimoja kimoja. Tulirudi nyumbani pamoja, yeye na chupa ya chai. Hakusema kitu njia nzima, na mimi nikamsifu moyoni kwa utulivu.

Jumanne, 3 Juni

Flashi nimeikuta kwenye laptopu. Imechomekwa ubavuni. Mimi niliiacha mkobani, kwenye mfuko wa zipu, pamoja na kitambulisho.

Nikafungua. Laptopu inakumbuka mahali mtu alipoishia. Aliishia mwisho kabisa, kwenye majina ya waliotengeneza.

Kazi ya Sayansi!

Kwa hiyo alipokuwa amesimama pale na mikono nyuma alikuwa anajua kila neno. Alikuwa anasikiliza mama yake, mwalimu wa lugha, akiidanganya kamati nzima, maalim akiwemo. Na akakusanya vikombe.

Nimekaa nikitafuta wa kumdharau. Awil yupo, huyo ni wa siku zote. Ayanle, aliyemkabidhi mwalimu flashi bila kujua ndani kuna nini. Mtunzi wa sinema. Nimewapitia wote na leo hakuna anayenitosha.

Nilipofika shuleni nikatoa simu kwenye boksi la chaki. Nikaandika kama Aabo, baba yake: Idi njema mapema, mwanangu, unataka nikutumie nini? Nilitaka tu kuona. Kwa miezi minne hajawahi kukaa dakika kumi na simu mkononi bila kujibu. Nikangoja chakula cha mchana, watoto wanapokwenda nyumbani kula. Hakuna kitu.

Nyumbani alikuwa wa kawaida. Amekula anjera mbili. Amemsomea ayeeyo ujumbe wa shangazi yake. Simu ya Ebla ina picha mahali pa majina, kwa kuwa hasomi: shangazi ni kikapu, Awil ni ngamia. Namba yangu ya boksi la chaki nilimwekea Kaaha mimi mwenyewe, kwa herufi: Aabo Ifo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa nikalifikiria hilo. Kwenye simu hiyohiyo moja, ngamia anapiga kila Ijumaa na haandiki. Aabo Ifo anaandika na hapigi. Mtoto ameshika simu hiyo kila siku tangu Februari.

Na sisi tunakwenda kuongea kwenye tangi la maji.

Jumatano, 4 Juni

Ofisini. Saa tisa na nusu. Walimu wengine wamekwenda.

Mzee Kerrow amekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu anasubiri barua. Maalim Shuaib ameshaweka sahihi kwenye karatasi tupu kwa sababu, anasema, ananiamini. Ananiamini! Ayanle yuko nje, anataka jibu leo arudishe projekta au aibakize. Roda alituma neno kwamba chochote tutakachoandika ni sawa.

Nimeandika barua mara mbili. Ya kwanza: Kamati imeona kwamba sinema haifai kwa watoto kwa kuwa inaonyesha mzazi anayemdanganya mtoto na uongo huo haufichuki. Kiswahili safi, sina la kusahihisha. Ya pili nimeanza hivi: Katibu anaomba radhi kwa kamati, hakutafsiri mwisho kama ulivyo. Nimefika hapo. Sentensi ya pili inanishinda. Nikiandika kwamba mtoto alijua, Maalim atauliza kwa nini nilisema hajui, mbele ya Kerrow, na kufikia Magharibi Roda atakuwa nayo. Na sinema bado naiona mbaya! Mvua, mifupa, yule mtu na kilio chake. Nikiipitisha, watoto mia mbili watakaa ukumbini siku ya pili ya Idi, na Kaaha katikati yao, na maandishi yale yatapita chini ya picha.

Kerrow ameniuliza kama sinema ikipita nitawasimulia watoto mimi. Nikasema sijui. Akasema nilisimulia vizuri, isipokuwa mwisho haukumkaa moyoni. Anasema amelala akiuwaza. Mtoto yule alikuwa na akili sana njia yote, mbona mwishoni akawa mpumbavu?

Nilijifanya natafuta muhuri.

Kaaha yuko nje pia. Ameleta chai, chupa ya bluu, amekaa kwenye ngazi ya veranda. Ana simu ya ayeeyo wake. Kupitia dirishani naona mgongo wake tu na kitambaa chake cheupe cha shule.

Boksi la chaki limelia. Mlio mmoja, wa ujumbe. Kerrow hakugeuka. Nje, mgongo ulitulia.

Nimefungua. Naunakili kama ulivyo:

Asalaam aleykum Aabo. Sitaki kitu cha Idi. Sikohoi tena. Wazee wamekataa sinema ya fisi kwa sababu hooyo hakusoma mwisho. Usimkasirikie. Mwambie yule msichana alijua tangu barua ya kwanza na hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu. Mwambie pia chai nimeleta na anjera iko kwa mfuko, leo hajala.

Nimeusoma mara nne. Nilikuwa na jibu la dharau kwa kila mtu wiki nzima. Sina hata moja sasa. Nalia mbele ya mfanyabiashara wa ngamia, na yeye, Mungu ambariki, anaangalia ramani ya Kenya ukutani.

Inalia tena. Si ujumbe. Inaita. Aabo Ifo hapigiwi, sheria niliweka mimi, mtandao mbovu, na hajawahi kuivunja hata siku moja. Imeita mpaka ikakatika. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Inaita mara ya pili. Kaaha amesimama sasa, simu iko sikioni, amegeuka, anatazama huku ndani, kwenye kabati.

Kerrow anasema, "Mwalimu, simu yako."